Karibu ya Tatu

Katika idara yetu ya kilimo hapa Kerman hakuna mtu aliyewasafirisha watu wengi kuliko Ustadhi Mahindokht Rostampur, na hakuna aliyesafiri kidogo kuliko yeye. Mwanafunzi akitaka kwenda kusoma muhula mmoja Uturuki, anaambiwa, nenda kwa Ustadhi. Mwalimu kijana akitaka kwenda kujifunza maabara za Wajerumani, nenda kwa Ustadhi. Yeye ndiye anayewasahihishia maombi yao, anawaandikia barua za sifa, anawafundisha kupika wali usiogandamana kama ugali wa wavivu, na mwisho anawatisha: "Ole wako nisikie hujampigia mama yako simu!" Wanakwenda. Wengine wanarudi na shahada, wengine na wachumba, wengine hawarudi. Wanaorudi humletea chokoleti. Yeye ana sukari, halambi hata kipande. Anazipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, na mgeni akija anakaribishwa chokoleti za nchi ambazo mwenye nyumba hajawahi kuzikanyaga.

Mimi mwenyewe nilikuja huku kutoka Tanga kusomea udongo, nikasema nitarudi, nikaoa, nikasahau kurudi. Sasa nafundisha idara hiyo hiyo, na nyumba yetu iko chini ya nyumba yake. Ndiyo maana nayajua maisha yake kwa masikio kuliko kwa macho. Asubuhi nasikia ndara zake zikitoka jikoni kwenda dirishani, zinakaa hapo kitambo, zinarudi jikoni. Tangu mumewe afariki hajajifunza kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Anapika sufuria ya supu ya tambi na maharage ya kutosha arusi, kisha anatuita: "Batul! Njoni mniondolee balaa hili!" Mke wangu Batul hupanda na bakuli, hukaa huko hadi chai ya pili, na akishuka macho yake huwa mekundu. Simuulizi. Upweke wa mtu mwingine ukiuuliza sana utaingia kwako.

Ana mtoto mmoja tu, Siamak. Na huyo pia alimsafirisha mwenyewe. Alimjazia fomu kwa mkono wake, akampeleka Italia, mji wa Padova, kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi. Siamak akakaa, akapata kazi, akaoa Mwirani mwenzake, wakazaa mtoto wa kike, Delaram. Kurudi hata kwa matembezi hawezi, maana hajatumikia jeshi. Akikanyaga uwanja wa ndege wa Tehran tu, watamvisha magwanda, na huko nyuma kazi na mke vitamngoja mpaka vichoke. Basi mama ndiye aende. Mama akaomba viza ya kutembelea mwanawe. Ubalozi ukamkatalia. Akaomba tena, wakamkatalia tena. Mjane, mtoto wake mmoja yuko Ulaya: nani ataamini kwamba huyo atarudi? Siku ile ya pili alipanda ngazi polepole, akanikuta mlangoni, akacheka badala ya kulia.

"Nimepeleka nusu ya Kerman, Agha Nasoro," akasema, maana huku bwana huitwa agha. "Mimi nimeonekana mhamiaji haramu."

Mjukuu anamjua kwenye simu. Mtoto ana miaka minne na hajawahi kubebwa na bibi yake hata mara moja. Jambo hili Ustadhi hulisema waziwazi, hana aibu nalo. "Nataka kumshika tu," humwambia Batul. "Nijue ana uzito gani."

Ndipo ulipokuja ule mkataba. Chuo chetu na chuo kimoja cha Padova vilikubaliana kubadilishana walimu, na idara yetu ikapewa nafasi moja: mwalimu mmoja, wiki mbili, mwaliko rasmi, viza ya kikazi isiyo na maneno mengi. Padova! Ungedhani mtu amekwenda kumchagulia mji kwenye ramani. Tena wale wa huko walikuwa wanatafuta mtu wa magonjwa ya mipistachio, na magonjwa ya mipistachio hapa kwetu ni Mahindokht. Idara nzima ilijua nafasi ile ni yake, hata mfagizi alikuwa ameshampa pongezi. Na ilikuwa ile au basi, kwa sababu mwisho wa mwaka anastaafu, na mstaafu hatumwi popote na chuo.

Hakungoja kikao cha idara. Usiku huohuo alimwambia mwanawe, "Mara hii nakuja." Na Siamak, maskini, akamwambia mtoto: bibi anakuja na ndege, anatoka Kerman, anakuletea kolompeh. Basi kila simu ikawa ni hiyo. "Bibi umepanda ndege?" "Bado, mama." "Umepanda sasa?" "Bado, roho yangu." Na kolompeh ni vile vibiskuti vyetu vya tende na jozi, vyenye nakshi juu. Mtoto alikuwa hajawahi kuvila, lakini alikuwa ameshawaahidi shule nzima ya chekechea.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili mtasema mama huyu ni mpumbavu, na mimi nitagombana nanyi. Kwetu pwani ukipita watu wanakula, watakwambia karibu, nawe utasema starehe, hata kama tumbo linalia. Hakuna anayedhani umeshiba. Waajemi wameichukua adabu hiyo wakaijengea ghorofa. Wanaiita taarofu. Ukikaribishwa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa kwa sauti ndogo zaidi. Ya tatu unapokea, tena kwa kulalamika, kana kwamba umeonewa. Teksi inakataa nauli yako, muuza mkate anasema chukua tu, na wewe unalipa, na kila mtu anajua anachofanya. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Anayekaribisha mara moja tu hakukaribisha.

Siku ya kikao mkuu wa idara alikuwa Daktari Vaziri. Kijana mzuri, mchapakazi, sina ugomvi naye. Lakini alikuwa amekaa Kanada miaka mingi, ndiyo kwanza amerudi, na neno "hapana" alikuwa amerudi nalo likiwa na maana moja tu. Tulikaa mezani, chai ikapita, akafungua faili lake.

"Nafasi ya Padova," akasema. "Naona inamfaa Ustadhi Rostampur. Ustadhi, unasemaje?"

Ustadhi alikuwa amevaa ule mtandio wake wa bluu wa sherehe. Akashika kifua, akainamisha kichwa.

"Aa, mimi? Mimi mzee, Daktari, mguu mmoja uko kaburini. Nafasi hizi ni za vijana. Apewe Nasrin."

Nasrin Kahnuji alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa mwalimu mwenzetu, mama wa watoto wawili, hodari, na hajawahi kutoka nje ya Irani. Alikuwa amekaa ubavuni kwake. Sote tukatabasamu. Tulijua ngoma inavyochezwa: sasa Vaziri atasema haiwezekani, Ustadhi atakataa tena, Nasrin atasema mbele ya mwalimu wangu mimi ni nani, sisi tutapiga kelele, na Ustadhi atakubali kwa kuguna.

Vaziri akaweka kalamu chini. Macho yake yaling'aa. Wallahi, yule kijana aliguswa moyoni.

"Ustadhi," akasema, "huu ndio ukubwa. Nilikotoka mimi wazee wanang'ang'ania mpaka wanatolewa kwa winchi. Nakushukuru kwa niaba ya idara. Nasrin, andaa pasipoti yako."

Nilimtazama Ustadhi. Bado alikuwa na mkono kifuani, bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

"Haiwezekani!" Nasrin akaruka. "Daktari, mbele ya ustadhi wangu? Haiwezekani kabisa!"

"Kwa hiyo nawe hutaki?" Vaziri akashangaa. "Jamani, kama hakuna anayetaka niwaambie Padova leo hii. Idara ya mifugo wananisumbua waipate wao."

Hapo Nasrin akafunga mdomo. Ustadhi ndiye aliyemgusa goti. "Nenda, mwanangu," akasema. "Kubali, isije ikaenda kwa mbuzi." Watu wakacheka kwa nguvu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili, na kikao kikaendelea na habari za trekta.

Nilirudi nyumbani nimefura. Batul aliposikia alipiga mapaja yake. "Mtu mzima na akili zake! Si aseme tu, naitaka?" Na huyo ni Batul, ambaye mwaka jana aliacha zulia alilolipenda kwa dada yake kwa sababu dada alisema "lichukue" mara mbili tu. Nilimkumbusha. Akaninyima chai.

Siku mbili tatu baadaye niliitwa juu kutengeneza kipoza hewa cha Ustadhi, kile cha maji, kilichoko kwenye roshani. Nilikuwa huko nje nimepiga magoti, mikono imejaa kutu, kengele ikalia. Alikuwa Nasrin, na boksi la keki na uso uliolala vibaya. Akaketi. Chai ikaletwa, chokoleti za Ujerumani zikaletwa. Mlango wa roshani ulikuwa wazi, nami sikuwa na pa kwenda ila kuruka chini.

"Ustadhi," Nasrin akasema, "sijala vizuri tangu siku ile. Nafasi ni yako. Nitamwambia Daktari Vaziri nimeumwa. Nenda ukamwone mjukuu wako."

Ya kwanza. Nilishusha bisibisi.

"Nife mimi kabla sijasikia hayo," Ustadhi akasema. "Umenizaa, au nimekuzaa? Mtoto hampi mama sahani yake. Kunywa chai."

"Ustadhi, kwa jina la Mungu. Mimi nitapata nyingine. Wewe unastaafu. Ichukue."

Ya pili, na ya kweli. Nilimsikia sauti ikikatika. Nilimwona Ustadhi kwenye kioo cha mlango. Alikuwa ameshika bakuli la vipande vya sukari kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha polepole.

"Hapana, mwanangu," akasema, na safari hii alisema kidogo sana, karibu haikusikika. Mtu yeyote aliyezaliwa Kerman angejua ile hapana imeshafunguliwa mlango, inangoja tu kusukumwa.

Nilimsubiri Nasrin. Nilimsubiri kuliko nilivyowahi kumsubiri mtu. Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akitazama kabati la vioo, zile chokoleti zimepangwa nchi kwa nchi, kila moja na mtu aliyekwenda. Akafunga mdomo. Chini barabarani mumewe akapiga honi.

"Mungu akuweke," Nasrin akasema. Akainuka, akambusu mwalimu wake mkono, akalia, akashuka ngazi haraka kama mtu anayeogopa kuitwa.

Niliingia ndani na kutu yangu yote. "Ustadhi, mwite! Bado yuko kwenye ngazi! Mwambie unaitaka!"

"Nikamwambie nini, Agha Nasoro? Kwamba ile hapana ilikuwa ya uongo?"

"Ndiyo! Kila hapana ya mji huu ni ya uongo!"

Akacheka. Kisha akaketi palepale alipokuwa ameketi Nasrin, na akasema maneno ambayo sikuyatarajia kwake. "Sijakasirika. Nimemfundisha mimi. Darasa la kwanza kabisa nilimwambia, Nasrin, usiwe na haya, mwanamke mwenye haya hafiki popote. Amenisikiliza." Akaniambia nimalizie kipoza hewa. Nilimaliza. Kilifanya kazi vizuri, na nyumba ile ikawa na baridi kuliko ilivyohitaji.

Aliyempigia Siamak simu ni yeye mwenyewe. Sijui alimwambia nini. Batul anasema alisingizia kazi, kwamba chuo kimeona kazi yake hapa ni kubwa mno hawawezi kumwachia. Uongo wa mama. Siamak akasema basi mwakani, Mungu akipenda. Wote wawili walijua mwakani hakuna. Mtoto hawakumwambia kitu, maana hawakujua waanzie wapi.

Siku ya safari tulikusanyika nyumbani kwa Nasrin kumuaga. Ustadhi alifika wa kwanza. Alikuwa amekesha akipika kolompeh, boksi zima, akaja na shali ya sufu yenye tarizi ya Kerman ambayo alimshonea mjukuu tangu azaliwe. Akampa Nasrin vyote. "Ukipata nafasi tu. Usijisumbue. Nyumba yao iko mbali na chuo." Nasrin akaapa atakwenda siku ya kwanza. Wakamshikia Msahafu juu ya mlango akapita chini yake, gari likaondoka, na Ustadhi ndiye aliyemwaga bakuli la maji nyuma ya gari ili msafiri arudi salama. Alimwaga taratibu, mpaka tone la mwisho, kisha akabaki amesimama katikati ya barabara na bakuli tupu mpaka muuza matikiti maji akampigia honi ya gari lake.

Wiki zile mbili sikusikia ndara zikienda dirishani. Sikusikia ndara kabisa. Batul alipanda na chakula, safari hii sisi tukampikia yeye.

Nasrin aliporudi hakwenda kwanza kwake, alikuja moja kwa moja hapa, na sanduku lake mkononi. Ustadhi akatuita mimi na Batul tupande, nadhani hakutaka kuwa naye peke yake. Nasrin akatoa zawadi, akaeleza maabara, akaeleza mvua, akaeleza mkate mbaya. "Nafasi yako ilikuwa wazi, Ustadhi," akasema. Huku kila atokaye safari humwambia hivyo aliyebaki. Ni maneno ya adabu tu, hata ukienda kula kababu peke yako unayasema. Lakini alipoyasikia yakitoka mdomoni mwake akajifunika uso na mtandio.

"Siku ile," akasema humo ndani ya mtandio, "ya tatu ilikuwa kooni. Niliimeza."

"Najua," Ustadhi akasema. "Hata mimi ningeimeza. Mtoto je? Ulimwona?"

Nasrin akaitikia kwa kichwa. Alimwona. Alikwenda siku ya kwanza, kama alivyoapa. Mlango ulipofunguliwa mtoto alikuwa nyuma ya miguu ya baba yake. Akaona mwanamke wa Kiirani, mwenye sanduku, anayezungumza Kikerman, ameshika boksi la kolompeh. Akapiga kelele, akamrukia shingoni.

"Nilimwambia mimi si bibi yake," Nasrin akasema. "Siamak naye alimwambia. Hakusikia. Alinilalia begani mpaka akasinzia. Nisamehe, Ustadhi. Sikuweza kumbandua."

Sote tulimtazama Ustadhi. Yeye alikuwa anaangalia mikono ya Nasrin. Akauliza kitu kimoja tu: "Mzito?"

"Mzito," Nasrin akasema. "Mzito kuliko anavyoonekana."

Ijumaa iliyofuata tulikuwa juu tena, tunakula, simu ya Padova ikapigwa. Siamak akaonekana, akasalimia, akamwita mtoto. Delaram akaja ameivaa ile shali, akatazama kwenye simu, akamtazama baba yake.

"Msalimie bibi," Siamak akasema.

"Huyu si bibi. Huyu wa kwenye simu. Bibi alikuja na ndege."

Siamak akaanza kuhangaika, huyu ndiye bibi, mama, yule alikuwa Khala Nasrin, mama mdogo. Mtoto akakunja uso, midomo ikaanza kutetemeka. Alikuwa ananyang'anywa kitu. Batul alinibana mkono. Ustadhi akainua kidole kumnyamazisha mwanawe, akaisogeza simu karibu na uso wake, na akasema kwa ile sauti yake ya darasani, laini, isiyo na haraka:

"Mwache, ni kweli. Bibi alikuja. Nilimwona alivyoondoka hapa. Alikushika vizuri, mama?"

"Vizuri sana," mtoto akasema.

"Haya," Ustadhi akasema. "Alhamdulillahi."